Toleo Lipi la Albamu ya Zamani Linunuliwe: Mono, Stirio na Kanda Mama Zilizopotea

Mtu anayeishi Kampala, Mbale au Arua na anayetaka kununua albamu ya miaka ya 1950 au 1960 hukuta jina moja likiuzwa katika matoleo matano au sita, kila moja na bei yake. Muuzaji humsifia uzito wa santuri, jalada lililochapwa upya na maneno "imesafishwa upya", ilhali hakuna hata moja kati ya hayo linalomweleza sauti ilichukuliwa wapi. Mwongozo huu unayapanga matoleo kwa kigezo kimoja tu, nacho ni chanzo cha sauti. Mpangilio wenyewe huenda ukawaudhi baadhi ya wakusanyaji, kwa kuwa toleo lililonakiliwa kutoka kwenye santuri kuukuu limewekwa juu ya matoleo kadhaa yanayojigamba kuwa yametoka kwenye kanda.

Kanda mama ni ile kanda ya sumaku ambayo miksi ya mwisho, yaani sauti zote zikiwa zimechanganywa na kusawazishwa, ilihifadhiwa studioni kabla ya santuri kuchongwa. Hadi miaka ya mwisho ya 1960, kanda hiyo mara nyingi ilikuwa ya mono, yaani sauti zote zimeunganishwa katika njia moja, na miksi hiyo ndiyo waliyoishughulikia wanamuziki wenyewe. Albamu ya Sgt. Pepper's ya The Beatles (1967) ilipewa muda mrefu katika miksi ya mono huku bendi ikiwapo studioni, kisha miksi ya stirio, yenye pande mbili za kushoto na kulia, ikafanywa upesi bila wao. Brian Wilson wa The Beach Boys, ambaye sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii, aliitengeneza Pet Sounds (1966) kwa mono, na miksi kamili ya stirio ya albamu hiyo haikutolewa hadi miaka ya 1990. Anayenunua stirio ya kazi kama hizo ananunua tafsiri iliyofanywa na mtu mwingine.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito wa ziada. Muziki husikilizwa sana kupitia spika moja ya bluutuu, simu iliyowekwa mezani, au redio ya teksi ambayo spika yake ya pili ilikufa zamani. Katika stirio za mwanzo, kama ile ya Rubber Soul ya The Beatles ya mwaka 1965, waimbaji waliwekwa upande wa kulia na ala nyingi upande wa kushoto, hivyo anayesikiliza upande mmoja tu huweza kubaki na ngoma na gitaa bila mwimbaji.

Kanda hizo hupotea kwa njia nyingi. Nyingine zilifutwa na kurekodiwa upya kwa sababu kanda ilikuwa ghali, nyingine zilitupwa kampuni zilipouzwa, na nyingine huoza: gundi inayoshikilia unga wa sumaku katika baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu wa hewa, kanda ikanata kwenye mashine, na fundi hulazimika kuipasha moto mdogo kwa saa kadhaa ili iweze kuchezwa na kunakiliwa. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala la kampuni ya Universal huko Hollywood; nyaraka za ndani zilizotajwa na gazeti la The New York Times mwaka 2019 zilikadiria kwamba nyimbo zipatazo 500,000 ziliguswa na hasara hiyo, ingawa kampuni ilipinga ukubwa wa makadirio hayo. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: kama kanda mama haipo, mmetumia nini?

Nafasi ya kwanza ni ya toleo ambalo kampuni yake inasema waziwazi kwamba limetoka kwenye kanda mama ya mono. Mkusanyo wa The Beatles in Mono, uliotoka kwa CD mwaka 2009 na kwa santuri mwaka 2014, ni mfano mzuri, hasa zile santuri, ambazo zilichongwa kutoka kwenye kanda bila kupitia hatua ya kidijitali. Mkusanyo wa albamu nane za kwanza za Bob Dylan, uliotolewa kwa mono mwaka 2010, unastahili nafasi hiyohiyo. Hata hivyo, hatua ya kidijitali peke yake haimkoseshi mtu usingizi. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilikuwa imetumia nakala za kidijitali kwa miaka mingi katika santuri ambazo wanunuzi waliamini ni za analogi tupu, yaani zisizopitia kompyuta, na mwaka uliofuata ikakubali suluhu ya kesi yenye thamani ya dola milioni 25. Waliozisifu santuri hizo kwa sauti yake walikuwa wamezisikiliza kwa miaka yote hiyo bila kutambua lolote. Kilichokosekana pale ni ukweli kuhusu chanzo; sauti yenyewe haikuwa na tatizo.

Kwa msikilizaji wa Uganda, lakini, ununuzi bora wa daraja hili hautoki Liverpool wala New York. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi muziki wa ikulu za Buganda, Bunyoro na Ankole mwaka 1950 na 1952, na hazina yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Kampuni ndogo ya SWP ya Uholanzi ilizitoa rekodi hizo kwenye CD, zikiwamo ngoma za entenga zilizopigwa katika ikulu ya Kabaka. Lubiri, yaani ikulu hiyo, ilishambuliwa mwaka 1966, falme zikafutwa mwaka 1967 na kurejeshwa mwaka 1993, isipokuwa ule wa Ankole. Wapigaji wa ikulu walikuwa wametawanyika, na hakuna studio ya leo inayoweza kurudia kilichosikika jioni zile. Rekodi ni za mono, na hazihitaji kuwa vinginevyo. Ukiliona toleo hilo kwa bei ya kawaida, nunua kwanza ndipo uendelee kusoma. Rekodi za Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, ni za kipindi hicho pia. Hizo zimehifadhiwa Maktaba ya Uingereza, na nakala zake za kidijitali zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, ambako mtu hasikilizi kama mnunuzi bali kama mtafiti.

Nafasi ya pili inakwenda kwa matoleo yaliyotoka kwenye nakala ya akiba, au kwenye nakala ambayo kampuni mama iliituma nchi nyingine ili santuri zichapwe huko. Wanunuzi wengi huliogopa neno nakala bila sababu. Kind of Blue, albamu ya jazi ya Miles Davis iliyorekodiwa mwaka 1959, iliuzwa kwa zaidi ya miaka 30 huku nyimbo tatu za upande wa kwanza zikiwa juu kidogo ya sauti yake halisi, kwa kuwa mashine kuu ya kurekodia ilikuwa ikizunguka polepole siku ile. Kosa lilisahihishwa mwaka 1992 kwa kutumia kanda ya mashine ya akiba. Hapo kanda ya pembeni ndiyo iliyokuwa na ukweli. Sharti ni kwamba kampuni itaje ni nakala gani, kwa sababu kila kanda inaponakiliwa kwenye kanda nyingine, mvumo huongezeka na sauti nyembamba za juu hufifia.

Nafasi ya tatu ni ya santuri iliyonakiliwa kwa uangalifu, na hapa ndipo nitakapobishana na wengi. Kuna muziki ambao hauna njia nyingine ya kutufikia. Kanda za sumaku hazikuwa zimeanza kutumika studioni wakati Charley Patton, mwimbaji wa bluzi wa Marekani, aliporekodi kati ya mwaka 1929 na 1934, na kwa kuwa vyuma vya kuchapia vya kampuni ya Paramount havikusalia, kila toleo la nyimbo alizoirekodia kampuni hiyo limetoka kwenye santuri zilizochakaa mikononi mwa watu. Karibu nasi, mikusanyo ya muziki wa Kenya wa miaka ya 1970, kama ule uliotolewa na kampuni ya Soundway mwaka 2013, imejengwa juu ya nyimbo ambazo nyingi zilitoka kwenye santuri ndogo za kasi ya mizunguko 45 kwa dakika, kwa idadi chache. Mnunuzi anayekataa chochote kilichotoka kwenye santuri anajinyima sehemu kubwa ya muziki wa Afrika Mashariki na wa Kongo.

Ubora wa kazi hii hutegemea mikono ya fundi. Sindano lazima ilingane na mfuo, yaani kijia kilichochongwa kwenye santuri: santuri za kasi ya 78 huhitaji sindano yenye ncha ya takriban maikroni 75 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), santuri za mono za zamani takriban maikroni 25, na za stirio takriban 18. Kasi nayo huleta mashaka, kwa sababu santuri nyingi zinazoitwa za 78 hazikurekodiwa kwa kasi hiyohiyo, na tofauti ndogo humbadilisha mwimbaji wa kiume akasikika kama kijana. Kisha kuna tamaa ya kusafisha. Fundi asiye na subira huondoa mikwaruzo yote kwa programu, na pamoja na mikwaruzo hiyo huondoa hewa iliyokuwa kati ya magitaa, hata matoazi yakasikika kama yamelowa. Toleo lililoachiwa mikwaruzo kidogo hunifurahisha kuliko lililo kimya kama kaburi.

Ya nne ni santuri asilia yenyewe, iliyotumika. Ikiwa katika hali nzuri ingepanda juu sana, lakini zinazopatikana kwetu zilichezwa kwenye mabaa na kwenye sherehe kwa sindano nzito, na wakusanyaji wa ng'ambo wamekwisha kuchukua nyingi kati ya zile safi. Iangalie chini ya mwanga mkali, uizungushe uone kama imepindika kwa joto, na uombe ichezwe dakika mbili za mwisho wa upande, kwa kuwa karibu na katikati ndiko uchakavu husikika mapema. Kama amplifaya yako ina kitufe cha mono, kibonyeze: sehemu ya kelele za mfuo hutoweka.

Kuna albamu ambazo swali la mono halizihusu hata kidogo. Abbey Road ya The Beatles ya mwaka 1969 haikufanyiwa miksi ya mono kabisa, na kazi za Afrigo Band, iliyoanzishwa mwaka 1975, au za Philly Lutaaya wa miaka ya 1980 ni za zama nyingine. Anayekuuzia mono ya albamu ya zama hizo kwa kawaida anakuuzia stirio iliyobanwa.

Nayo stirio iliyobanwa ndiyo ya tano. Hapa kampuni huchukua miksi ya stirio, ikaunganisha pande zake mbili na kuiandika mono kwenye jalada. Vitu vilivyokuwa katikati, kwa kawaida mwimbaji na besi, hupanda kwa takriban desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kuliko vya pembeni, na mizani aliyoikusudia fundi huvurugika. Simu yako inaweza kufanya kazi hiyohiyo bure ukiwasha mono kwenye mipangilio yake, kwa hiyo sioni sababu ya kumlipa mtu mwingine. Kuitambua si vigumu kwa albamu zinazojulikana: wimbo wa The Beatles wa She's Leaving Home katika mono halisi huenda kasi na juu kidogo kuliko katika stirio, na Helter Skelter ya mono haina ile kelele ya mpiga ngoma mwishoni kuhusu malengelenge ya vidole. Ukiyasikia malengelenge hayo katika toleo linaloitwa mono, umeshapata jibu.

Mkiani kabisa ziko stirio za kughushi, ambazo rekodi ya mono ilikatwa ili sauti nyembamba ziende upande mmoja na nzito upande wa pili, pamoja na santuri za bei rahisi za muziki uliotolewa kabla ya mwaka 1963, ambao haki za rekodi zake zimekwisha katika Umoja wa Ulaya. Uchapaji wa namna hii ni halali huko, lakini nyingi kati yake huchongwa kutoka kwenye CD ambayo ungeweza kuinunua mwenyewe, na jalada halisemi neno.

Kuhusu umbo la kununua, ushauri wangu ni faili zisizopunguzwa za FLAC kwanza, CD iliyotumika pili, na santuri mpya mwisho. Kifurushi kutoka ng'ambo hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na hesabu yake hujumuisha gharama ya usafirishaji, ambayo kwa santuri nzito inaweza kuzidi bei ya muziki wenyewe. Bando za intaneti nazo zina ushuru wa asilimia 12 tangu mwaka 2021, ila albamu ya mono hukupunguzia mzigo: pande mbili zinapofanana kabisa, faili ya FLAC huwa karibu nusu ya ile ya stirio. Wanaojaza flashi na kadi za simu katika vibanda vya katikati ya mji hawatakusaidia hapa, kwani wao wenyewe hawajui faili ilitoka wapi.

Ukishapakua, unaweza kukagua kwa programu ya bure ya Audacity. Tenganisha pande mbili, geuza wimbi la upande mmoja juu chini, kisha uziunganishe. Mono hunyamaza kabisa. Iliyonakiliwa kutoka kwenye santuri huacha mikwaruzo tu. Stirio huacha muziki. Jaribio hili halitofautishi mono halisi na stirio iliyobanwa, hivyo bado utahitaji kumwandikia muuzaji. Muulize mambo mawili katika ujumbe mmoja: je, ni miksi ya mono ya wakati ule, na je, imetoka kwenye kanda mama, nakala au santuri? Anayejibu "santuri, kwa kuwa kanda imepotea" anastahili fedha zako. Anayejibu "vyanzo bora vilivyopatikana" hajajibu. Muulize mara ya pili, na akirudia maneno yaleyale, tafuta muuzaji mwingine.