Duka la unga wa lishe Buzuruga, Mwanza, hawa angalau wanakwambia ukweli

Mwanangu ana aleji ya karanga kwahiyo duka la unga kwangu sio la kuingia tu na kununua, lazima nihoji. Watu wengi wanaogopa karanga ya kuonekana, ile ya kutafuna au iliyotwangwa kwenye mchicha, wakati unga wa lishe ndo umeficha kila kitu, karanga, soya, ngano, dagaa, ufuta, ukishasagwa unaona unga wa kahawia basi. Na hata ukiagiza ulezi mtupu, aliyekutangulia kasaga karanga zake na mabaki yamegoma kwenye chekeche la mashine, wewe unakuja kuyabeba na ulezi wako. Kuchemsha uji hakusaidii, protini ya karanga haifi kwa moto wa jikoni.

Kuna sehemu nyingine hapa mjini niliambiwa "mama usiwe na wasiwasi", mtoto akanywa uji akavimba midomo. Hapa Buzuruga dada wa kaunta hakunipa maneno matamu, alinipeleka nyuma nikaona mwenyewe, mashine ziko mbili, moja nafaka tu, nyingine ndo ya karanga, soya na dagaa wa soko la Mwaloni, na ile ya nafaka hata umuongezee hela kijana wa mashine hakusagii karanga. Nimefurahi mno. Kwenye mfuko pia wanaandika kwa kalamu vilivyomo, hadi ufuta, ambao Marekani kuanzia 2023 viwanda vinalazimika kuutaja kwenye pakiti kama karanga na maziwa.

Ila kopo la kupimia ni lilelile moja!! Linatoka kwenye ndoo ya karanga linaingia kwenye ulezi, sasa mashine mbili zinasaidia nini jamani. Halafu vyote viko chumba kimoja na vumbi la unga linaruka, kwahiyo kama wa kwako anabanwa kifua kwa kiasi kidogo sana cha karanga mimi nisingekushauri ununue hapa. Na wenye aleji ya samaki muulize kabisa kuhusu dagaa, huku ziwani watu wanawatia kwenye uji wa mtoto bila hata kutaja.

Nimewapa nyota 4. Bei imezidi ya sokoni kidogo, Jumamosi foleni ndefu, nenda na kopo lako la kupimia, hawakatai.