Ubongo wa Kijana Darasani: Tathmini ya Kozi ya Mtandaoni kwa Walimu

Kozi hii ya video fupi na maswali ya kujipima inakusudia kumweleza mwalimu wa sekondari yanayoendelea katika ubongo wa mwanafunzi aliyebalehe, na inafanikiwa zaidi pale inapoachana na picha za rangi za ubongo, ambazo ni nyingi kupita haja, na kuingia katika mambo ya darasani.

Somo lenye uzito kuliko yote ni lile linalohusu rika. Linaeleza jaribio la wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg lililochapishwa mwaka 2005, ambapo vijana waliocheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta walithubutu kujihatarisha zaidi walipotazamwa na wenzao kuliko walipokuwa peke yao, ilhali watu wazima hawakubadilika sana. Mwezeshaji haishii kwenye kuonya. Anaonyesha kwamba kumkaripia kijana mbele ya darasa zima ni kumpa jukwaa, na kwamba mjadala, kazi za vikundi au kumwachia mwanafunzi amfafanulie mwenzake hesabu ngumu huuelekeza msukumo ule ule kwenye masomo.

Somo la usingizi ni sahihi, ila limekatishwa mapema. Tunaelezwa kwamba baada ya kubalehe homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, huchelewa kutolewa usiku, na kwamba mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza masomo ya vijana yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Mwalimu, hata hivyo, si mpangaji wa kengele. Angefaidika zaidi kwa kushauriwa namna ya kuendesha kipindi cha kwanza mbele ya wanafunzi wanaosinzia.

Kasoro kubwa ni kuutaja umri wa miaka 25 kana kwamba siku hiyo ubongo hukamilika. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayohusika na kupanga na kujizuia, hukomaa polepole hadi ndani ya miaka ya ishirini, na kasi hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Isitoshe, kijana wa miaka 16 aliyetulia, asiyeharakishwa wala kuchochewa, hupima hoja karibu sawa na mtu mzima. Kozi inaligusia jambo hili kwa sentensi moja tu, na mwalimu asiyelizingatia atamaliza akiwa na kisingizio kipya cha kuwapa wanafunzi wake kazi nyepesi.

Kwa mwalimu anayeanza kazi, ninaipendekeza yote. Mwenye uzoefu anaweza kwenda moja kwa moja kwenye somo la rika.