Haibridi Namba Nne, na Kichwa Kilichoruka Mbali Kuliko Mpira

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na msomaji anisamehe iwapo itavuja hadi kwenye hukumu yangu. Miezi kadhaa iliyopita nilinunua fimbo ya gofu aina ya haibridi, yaani chotara wa fimbo ya chuma na ile iitwayo ya mbao, namba nne, katika duka moja jijini Dar es Salaam, kwa fedha ambazo hapa Dodoma zingenipatia mbuzi watatu wazuri. Niliipandisha kwenye treni nikiwa nimeipakata kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kiangazi hakikwisha kabla kichwa chake hakijachomoka kwenye mpini na kuruka mbele yangu, huku mpira ukibaki palepale nilipouweka.

Haki itendeke, hata hivyo: kabla ya siku hiyo fimbo ile ilikuwa imeniteka. Mimi hufanyia mazoezi kwenye kiwanja cha wazi huku Nzuguni, juu ya udongo mwekundu uliokauka ukawa kama sakafu, na sitaki tena kusikia habari za fimbo ndefu za chuma. Namba tatu na namba nne za chuma zina uso mwembamba uliosimama karibu wima, kwa hiyo hudai mpigo wa kasi na shabaha ambayo mtu wa umri wangu, anayeshinda ofisini, hana. Ukikosea kidogo tu, ukingo unagonga ardhi, mikono inakufa ganzi, na mpira unatambaa kama kenge. Haibridi ilikuja kutuondolea balaa hilo. Kichwa chake kimenenepa nyuma, uzito umekaa chini, na ndiyo sababu mpira hunyanyuka hata usipougonga katikati kabisa. Tako lake pana huteleza juu ya udongo badala ya kuchimba, na mpini wake, kwa kuwa ni mfupi kuliko wa fimbo ya mbao, haukutoroki mikononi. Kwenye nyasi ndefu ndipo nilipoipenda zaidi, maana nyasi zinazojisokota kwenye shingo ya fimbo ya chuma na kuupindisha uso wake, hii huzipita. Dosari yake ni moja: ukiizungusha kwa papara, mpira hukatiza kwenda kushoto kwa anayepiga kwa mkono wa kulia.

Mwaka 2009 Y.E. Yang, mchezaji wa Korea Kusini, alitumia haibridi kwenye shimo la mwisho pale uwanja wa Hazeltine, Marekani, akaufikisha mpira karibu na bendera na kumshinda Tiger Woods. Mimi sikuwa nikimshinda mtu yeyote. Nilikuwa Morogoro, shimo la saba, asubuhi tulivu, na nilichotaka ni kufika grini, pale penye nyasi fupi na bendera, bila aibu; hapo ndipo kichwa kilipochomoka.

Niliporudisha vipande viwili dukani, kijana niliyemkuta hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Nina mvi kichwa kizima, lakini alichonipa badala ya shikamoo ni “mambo”. Akakitazama kichwa cha fimbo, akacheka, akasema, “Mzee, hii ulikuwa unalimia viazi.” Kisha, mbele ya wateja wengine, akaniuliza kama fimbo huwa ninaiacha kwenye gari juani, na nilipokiri kwamba hukaa kwenye buti, akanirudishia vipande vyangu kama hakimu aliyekwisha kufunga jalada. Hakuniambia pole, wala hakunielekeza kwa fundi. Nilitoka pale nikiwa nimeapa kuwaonya watu wote wasinunue haibridi, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikifanya hivyo hasa, jambo ambalo sasa naona lilikuwa kuionea fimbo kwa makosa ya ulimi wa mtu.

Maana kedi mmoja wa Morogoro, yaani mbeba fimbo za wachezaji, mtu mzima wa makamo, alinieleza yale yale, isipokuwa yeye alianza kwa kunisalimu. Kichwa na mpini vimeshikwa kwa gundi tu, na gundi hiyo hulegea ikipashwa moto. Mafundi wenyewe hupasha moto shingo ya fimbo wanapotaka kukitoa kichwa. Buti la gari langu mwezi wa Oktoba lingeweza kukausha zabibu. Alikwangua gundi ya zamani hadi mpini ukawa mweupe, akausugua kwa msasa, akapaka gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, akaisimamisha pembeni ya ukuta na kunikataza kuigusa hadi kesho yake. Tangu hapo haijatikisika, na wiki iliyopita ilinitoa kwenye nyasi za magotini kwa mpigo ambao hata sasa nikiukumbuka natabasamu.

Basi fimbo naisifu? Naisifu, nusu. Bado naamini kwamba anayeuza kitu kinachoogopa joto, tena katika nchi hii, anapaswa kulisema hilo kabla ya kupokea fedha. Kwenye duka lile sitakanyaga tena, hata wakianza kugawa mipira bure. Haibridi yenyewe sasa inalala ndani, imefungwa kanga kuukuu, imeegemezwa kando ya mtungi wa maji ambako ndiko kwenye ubaridi, na mke wangu ameshaniuliza mara mbili ni mgeni gani huyo asiyekwenda kwao.