Ukweli: tuamini taasisi au mtu mmoja?

Kwa kigezo cha kudumu, taasisi inashinda bila ubishi. Mtu hufa, hustaafu, husahau alikoweka karatasi. Taasisi ina kabati, ufunguo na mrithi wa ufunguo. (Ingawa kabati hilohilo ndimo hufichwa ripoti isiyopendeza.)

Mzozo uko kwenye kujisahihisha. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake, iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta usonji. Liliifuta 2010. Miaka 12! Na aliyefukua uozo wa makala hiyo ni mwandishi wa habari, Brian Deer, si jarida lenyewe. Basi tumwamini mtu mmoja? Wakefield naye ni mtu, na hajakiri kosa. Jarida angalau lilifuta, tena hadharani.

Gharama: asemaye peke yake huhatarisha kazi yake; taasisi huhatarisha jina, ndiyo maana hukawia.

Unatafuta kumbukumbu za miaka 50 iliyopita? Nenda kwa taasisi. Ukishuku taasisi ina maslahi yake, msikilize aliye nje, ila mdai vielelezo uvisome mwenyewe.