Uzoefu wangu na katriji za HLB za miligramu 200 kwa maji ya mto na ya bomba

Katriji hizi ni mirija midogo ya plastiki yenye chembe za polima (HLB) zinazonasa vichafuzi maji yanapopita. Nazitumia kukusanya mabaki ya viuatilifu na dawa za binadamu kabla ya kupima kwa LC-MS, mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa molekuli. Nusu lita ya maji inaishia kuwa nusu mililita, kwa hiyo nanogramu 5 kwa lita zinafika kwenye mashine zikiwa kama mikrogramu 5 kwa lita, iwapo hakuna kilichopotea njiani. Katriji yenyewe haipotezi sana. Kinachopoteza ni pampu ya ombwe na hatua ya kukausha.

Ubora wake mkubwa ni uvumilivu. Katriji ya C18, aina yenye minyororo ya kaboni 18, ikikauka kabla ya sampuli kupita, minyororo yake hujikunja na vichafuzi vinapita bila kunaswa. Polima ya HLB ina sehemu zinazopenda maji, hivyo ikivuta hewa kidogo haiharibiki.

Maji ya mto huyachuja kwanza kwa kichujio cha nyuzi za kioo cha mikromita 0.7, maana tope huziba katriji mapema. Ujue kwamba hapo unapima kilichoyeyuka tu. Kilichoganda kwenye chembe kimebaki juu ya kichujio. Maji ya bomba yanahitaji thiosulfati ya sodiamu wakati wa kuchota, la sivyo klorini inaendelea kula baadhi ya dawa ndani ya chupa. Viwango vya ndani vyenye isotopu (kiasi kinachojulikana cha kemikali zilezile, zilizowekewa atomi nzito ili mashine izitofautishe) viingie kabla ya kupitisha sampuli. Ukiviweka mwishoni havitakuonyesha hasara ya katriji.

Tayarisha kwa mililita 5 za methanoli, kisha mililita 5 za maji safi. Sampuli ipite kwa mililita 5 kwa dakika, ikizidi sana 10. Hapa ndipo watu wenye haraka huumia: molekuli hazipati muda wa kushikwa. Tena, katriji zote zikiwa kwenye pampu moja, moja ikiziba nyingine huongeza kasi, kwa hiyo valvu ziangaliwe mara kwa mara.

Baada ya kuosha kwa maji, vuta hewa dakika 20 hadi 30. Usifupishe hatua hii. Maji yaliyobaki huingia kwenye methanoli, na uvukizaji kwa naitrojeni kwenye nyuzi joto 40 za Selsiasi unakuwa wa kukesha. Toa vilivyonaswa kwa methanoli mililita 4 mara mbili, kila mara ukiiacha iloweke dakika moja. Simamisha naitrojeni kabla mirija haijakauka kabisa, kwani vilivyo vyepesi huondoka na vingine hung'ang'ania kioo.

Kwa dawa za maumivu ibuprofeni na diklofenaki, pH (kipimo cha uasidi) ya 2 hadi 3 inasaidia, ila asidi hiyo hiyo huvuta pia asidi za humasi, zitokanazo na mimea iliyooza. Kimiminika cha mwisho kinatoka rangi ya chai, na ishara ya mashine inadidimia. Ndiyo maana kwa maji ya mto naonelea bora pH ya kawaida, isipokuwa dawa hizo ndizo shabaha.

Glifosati (kiuagugu) na metformini (dawa ya kisukari) usizitafute hapa. Zinapenda maji mno na hupita moja kwa moja. PFAS (kemikali za florini zisizooza kwa urahisi) za mnyororo mfupi zinataka katriji ya WAX, inayonasa kemikali zenye chaji hasi.

Kila boksi jipya lipitishie maji safi kama sampuli tupu kabla ya kuliamini. Fthaleti, kemikali za kulainisha plastiki, kutoka kwenye plastiki ya katriji hujitokeza huko.