Stray Gods: gemu ambalo maamuzi yake yanaimbwa

Nianze kwa kuwatahadharisha wenzangu wapenzi wa magemu ya kurukaruka: ndani ya Stray Gods huruki kitu, hupigi mtu, hukusanyi sarafu. Unachagua maneno, na wahusika wanayaimba. Basi. Na bado nasema hili ndilo gemu la visasili vya Kigiriki lililonigusa kuliko yote niliyowahi kucheza, pamoja na yale ya mapanga na mazimwi.

Grace ni msichana aliyeacha chuo. Ana bendi ndogo na hajui maisha yanampeleka wapi. Siku bendi inapofanya usaili wa kutafuta mwimbaji, anabaki akiimba peke yake, na mwanamke asiyemjua anatokea na kuidaka nyimbo hiyo katikati. Ni Calliope, Muse (mmoja wa miungu wa kike wa sanaa) wa tenzi, wa mwisho aliyebaki kati ya ndugu zake. Baadaye mwanamke huyohuyo anabisha hodi kwa Grace akiwa amejeruhiwa vibaya. Anamfia mikononi, na kile kilichomfanya awe mungu kinamhamia Grace. Miungu wa Kigiriki, ambao siku hizi wanaishi kwa kujificha katika jiji kubwa la kisasa, wanamwita barazani na kumshtaki kwa mauaji. Anapewa wiki moja kuonyesha kwamba hana hatia.

Kesi hiyo ndipo nilipoelewa gemu linataka nini kwangu. Mwanzoni unampa Grace tabia: awe mpole mwenye huruma, awe mwerevu wa kupima mambo, au awe mkali asiyekubali kuonewa. Nyimbo inapoanza, machaguo yanajitokeza kwa rangi, kijani, bluu au nyekundu, na muda wa kufikiri ni mfupi. Ukichagua ukali, gitaa linapanda na Grace anawakabili waamuzi wake uso kwa uso. Ukichagua upole, muziki unalainika na yeye anaanza kuwabembeleza. Muziki haukatiki wala kusubiri, unapinda palepale kukufuata. Waliokulia pwani wataelewa upesi: ni kama malumbano ya mashairi, ambapo unayemjibu unampinga huku ukishika vina vyake.

Nimefikiria sana kazi iliyofanyika nyuma ya jambo hilo. Muziki ni wa Austin Wintory, yule aliyetunga muziki wa gemu la Journey, akishirikiana na Waaustralia: mwimbaji Montaigne na kundi la Tripod. Studio iliyotengeneza gemu, Summerfall, iko Melbourne, na mmoja wa waanzilishi wake ni David Gaider, aliyeongoza uandishi wa magemu ya Dragon Age. Kila njia ambayo mchezaji anaweza kuipita ilibidi itungwe, iimbwe na kurekodiwa, halafu ishonwe na nyingine bila mshono kuonekana. Gemu lilitoka Agosti 2023, na muziki wake ukateuliwa kuwania Grammy. Ulistahili.

Sasa sehemu ambayo bado haijanitoka. Asiyetaka kujua kitu kabla ya kucheza aruke aya mbili zinazofuata.

Aphrodite, mungu wa mapenzi, ameandaa sherehe. Kuna mwanga mzuri, wageni wamependeza, na wewe unadhani umekuja kumhoji tu kuhusu kesi yako. Kumbe sherehe ni ya kumuaga. Ana kumbukumbu za vita vya pili vya dunia, enzi miungu walipolazimika kuikimbia Ugiriki, na hawezi kuishi nazo. Kila zinapomlemea anakufa kwa hiari na kumwachia uungu wake mtu mwingine, ili aanze upya, mpaka kumbukumbu zirudi tena. Mwanawe, Eros, amechoka kumzika mama yake. Anakuomba umsaidie kumzuia.

Halafu nyimbo inaanza, na wewe ndiye mwenye kauli. Umwambie abaki, wakati wewe si mwenye kubeba uchungu wake? Umwache aende, huku mtoto wake amesimama pale? Niliwahi kucheza magemu mengi yenye maamuzi mazito, lakini maamuzi yale huja kwenye kisanduku kilichotulia, unakunywa chai, unatafakari. Hapa sauti zao zinapanda, ala zinapanda, na ubeti unaofuata ni wako. Sikuwa tena natafuta jibu sahihi, nilikuwa nawasikiliza. Eros ameigizwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na uzito anaoutia katika maneno machache aliyopewa ni wa mtu anayejua msiba. (Huyu ndiye muasisi wa studio iliyotoa Tales of Kenzera: Zau mwaka 2024, gemu lililozaliwa na majonzi ya kumpoteza baba yake. Lile ni la kurukaruka kwelikweli, limechota visasili vya Kibantu, na sauti zake unaweza kuziweka kwa Kiswahili. Wenye kiu ya kuruka waende huko.)

Wengine nao wana haki yao. Persephone, malkia wa kuzimu, anayeigizwa na Mary Elizabeth McGlynn, ana sauti inayokutawala tangu neno la kwanza. Medusa, ambaye anayemtazama hugeuka jiwe, anaimba akikuvuta umtazame, na wewe unajua fika hatari yake. Apollo amekata tamaa kwa sababu anayaona yajayo. Pan, mungu wa porini, ana maneno matamu na sikumwamini hata mara moja, ingawa nilimpenda.

Si kila kitu kimenikaa. Picha ni za kuchorwa, nzuri, lakini wahusika hawatembei, picha moja inabadilishwa na nyingine, na anayetaka kuona watu wakicheza dansi atapungukiwa. Baadhi ya nyimbo za katikati zinakaribia kuwa mazungumzo yaliyotiwa ala, huwezi kuondoka ukizighani. Sauti za mazungumzo na za nyimbo hazilingani nguvu kila mahali. Halafu kuna lugha. Yote ni Kiingereza cha nyimbo, chenye mafumbo na kinachokwenda mbio. Ushauri wangu kwa ambaye Kiingereza si lugha yake ya nyumbani: washa maandishi ya chini, na uingie kwenye mipangilio kuondoa kikomo cha muda wa kuchagua. Ladha inapungua kidogo, lakini ni afadhali kuliko kuchagua usichokielewa. Na tumia hedifoni, spika za laptopu zinaua besi yote.

Bei ya kuanzia ilikuwa dola 29.99, na hadithi unaimaliza kwa jioni chache. Wapo watakaoiona fupi kwa pesa hiyo. Mimi niliirudia kwa tabia nyingine, na kesi ileile ya mwanzo ikawa nyimbo tofauti kabisa, yenye hasira niliyokuwa sijaisikia. Mwaka 2024 ikaongezwa sehemu ndogo ya Orpheus, mwanamuziki maarufu wa visasili vya Kigiriki, anayerudi duniani kutoka kuzimu na kukuta muziki umeendelea bila yeye. Anaimbwa na Anthony Rapp. Inunueni baada ya kumaliza gemu lenyewe, kwa sababu inaendeleza pale hadithi ya Grace inapoishia.