Mwingereza na Mmarekani, Kiingereza kimoja mambo mawili

Mmarekani ukipanda naye lifti anakuuliza unaendeleaje na jibu hata halisubiri, Mwingereza yeye anaangalia viatu vyake, akijitahidi sana ataongelea mvua, na ukimkanyaga yeye ndo anakuomba samahani. Mi namwelewa zaidi Mmarekani, angalau kelele zake unazisikia mapema.

Kwenye maneno ndo balaa. Pants kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi, sasa we msifie bosi wako pants zake pale London uone sura atakayokupa. Ghorofa ya kwanza ya Mwingereza ni ile ya juu kama kwetu, Mmarekani anaanza kuhesabu palepale mlangoni.

Bakshishi Marekani asilimia 15 hadi 20 ni kama lazima, Uingereza mara nyingi 12.5 ishawekwa kwenye bili.

Uraia sasa, Marekani uraia wa kuzaliwa uliingia kwenye katiba mwaka 1868, Uingereza tangu 1983 kuzaliwa pale peke yake hakutoshi, mzazi mmoja awe raia au ana ukaazi wa kudumu. Halafu watu wote wa Uingereza, hata wa Uskoti, sie kwa Kiswahili tunawaita Waingereza, jaribu kumwita hivyo Mskoti wa Glasgow 😂